MEZA YA NJE: AUNDE AU ANUNUE?



Tulipoandikiwa na mwalimu mkuu wa shule hii ya kwamba tuje tuseme nanyi habari ya meza ya nje, tulicheka kidogo peke yetu, kwa maana sisi ni karani, na mikono ya karani imezoea kalamu na mihuri kuliko randa. Walakini mwalimu alieleza sababu yake, nayo twaona ni ya haki. Aliandika kwamba mafundi wakiitwa watasema kama mafundi, wala hawatakumbuka jinsi ilivyo kutokujua. Yeye alimtaka mtu aliyekosea. Basi mtu huyo mnaye mbele yenu.

Swali tuliloletewa ni hili: mtu asiyepata kushika msumeno, naye ataka meza ya kuweka uani au chini ya mwembe, je, aiunde mwenyewe au ainunue? Watu wengi hulijibu swali hili kabla halijamalizika kuulizwa. Mmoja husema, "Unda, fedha yako ibaki mfukoni." Mwingine husema, "Nunua, kila kazi ina mwenyewe." Twaona wote wawili wamejibu upesi mno, na tutaeleza kwa nini.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na haja ya meza ya nje. Mkeka ulitandikwa barazani, sinia ikaletwa, watu wakanawa, wakala kwa amani. Hata jina lenyewe, meza, tulilipata kwa Wareno. Lakini sasa haja imezidi. Mtoto wa shule ataka mahali pa kuandikia alasiri, maana ndani ya nyumba kuna giza; akina mama hutaka mahali pa kukatia mboga pasipo na kuku; mkutano wa kijiji hutaka mahali pa kuwekea daftari; na mwenye machungwa, nao ni wengi katika wilaya yetu ya Muheza, hupenda kuyapanga mahali palipoinuka ili apitaye barabarani ayaone. Basi meza imetoka nje, na huko nje imekutana na adui ambao meza ya chumbani haiwajui: jua, mvua, mchwa, na watoto wanaopanda juu yake kuangua maembe.

Yapata miaka tisa sasa, baba yetu aliuza machungwa ya shamba lake, na katika fedha ile akatutolea fungu, akasema, "Watu wa posa ya dada yako watakuja baada ya mwezi. Nyumba yetu ni ndogo, watakaa chini ya mwembe. Nenda mjini ukaninunulie meza ya kuwapakulia." Neno lake lilikuwa wazi, wala halikutaka tafsiri. Lakini sisi tulikuwa tumeona meza nyingi maishani mwetu, na mtu aliyeona kitu mara nyingi hudhani amekijua. Tukamjibu ya kwamba fedha ile ni nyingi mno kwa meza moja, ya kwamba tutaiunda wenyewe, na nusu ya fedha tutamrudishia. Baba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya."

Tukanunua mbao za mtiki, ule ambao vitabu huuita msaji, kwa mtu aliyezipasua juzi yake kwa msumeno wa mnyororo. Zilikuwa nzito sana, na ukiweka kiganja juu yake ziliburudisha kama mtungi wa maji. Tulidhani uzito ule ndio ubora. Tukanunua na msumeno, na nyundo, na kilo mbili za misumari, na katika siku mbili meza ikasimama. Misumari tuliitumia karibu yote. Pale ubao ulipopasuka kichwani kwa kupigiliwa, tuliongeza msumari wa pili kuuzuia ule ufa, na ufa ukapata mwenziwe. Lakini kwa mbali meza ilipendeza, na majirani waliisifu, nasi hatukuwakataza.

Hata ilipofika juma la tatu, mbao za juu zikaanza kujikunja kama makuti yaliyoachwa juani. Vichwa vya misumari vikainuka. Mguu mmoja ukawa haugusi chini, tukauwekea kigae. Siku ya wageni ikafika. Sinia ya pilau ikawekwa, na bakuli la mchuzi, na mzee mmoja, baba mkubwa wa yule kijana, akaegemeza kiwiko chake kama mtu yeyote afanyavyo mbele ya chakula. Meza ikaenda ubavu polepole, kama ngamia apigaye magoti, na mchuzi wote ukawa katika kanzu yake. Mzee yule alikuwa muungwana. Alisema, "Haidhuru, wanangu, kanzu hufuliwa." Posa ilikubaliwa, na ndugu zetu wale sasa wana watoto watatu. Lakini baba yetu hakuitazama ile kanzu. Alitutazama sisi. Na habari ya ile nusu ya fedha tuliyoahidi kumrudishia, ambayo ilikuwa imekwisha katika zana na misumari, hakutuuliza siku ile, wala hajatuuliza hata leo.

Jumamosi iliyofuata alipita jirani yetu, fundi mzee, ambaye tulikuwa tumempita njiani mara mbili na mbao mabegani bila kumwuliza neno. Akaipindua meza, miguu juu, akaitazama kama tabibu atazamavyo mgonjwa aliyechelewa kuletwa. Kisha akasema, "Mti mmeukata, lakini hamkuungoja ufe." Maneno haya hatukuyafahamu mara moja, na kwa kuwa ndiyo yaliyotuponza, twapenda kuyaeleza kwa urefu.

Mti uliokatwa leo umejaa maji, na katika miti mingine uzito wa maji yale hupita uzito wa mti mkavu wenyewe. Ubao unapokauka hupungua upana, lakini urefu wake karibu haubadiliki. Tena haupungui sawasawa: kwa kuifuata duara ya zile pete za mti, hupungua karibu mara mbili kuliko kwa njia itokayo moyoni kwenda kwenye gome. Kwa hiyo uso mmoja wa ubao huvutwa zaidi ya mwingine, nao ubao hujikunja, ukiwapa mgongo wale walio upande wa moyo wa mti. Hapana msumari wa kuuzuia. Mwenye kuunda kwa mbao mbichi huunda kitu kimoja, na jua hukiunda tena kuwa kitu kingine.

Dawa yake ni kungoja. Mbao hupangwa kivulini, juu ya mawe, na kati ya ubao na ubao huwekwa vijiti vilivyo sawa ili upepo upite pande zote. Zisianikwe juani, maana zitakauka nje upesi na ndani zikabaki mbichi, kisha zitapasuka. Wazungu wa zamani walikuwa na kanuni ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Katika nchi ya joto kama yetu muda huwa mfupi zaidi. Lakini hapana haja ya kubahatisha. Kata kipande kimoja cha ubao ule, kiweke pamoja na wenzake, na kila Jumamosi kipeleke dukani kikapimwe katika mizani. Uzito utashuka juma hata juma. Utakapoona majuma matatu umesimama mahali pamoja, mbao zimekauka. Waalimu wakipenda, kazi hii wawape watoto wa darasa la tano wachore na mstari wake. Ni hesabu nzuri kuliko nyingi zilizo vitabuni.

Kosa la pili lilikuwa la umbo. Chukueni vijiti vinne, mvifunge pembe kwa uzi mfano wa dirisha. Sukumeni pembe moja: dirisha litalala ubavu. Ongezeni kijiti cha tano, kitoke pembe hata pembe, na sasa sukumeni mpendavyo. Umbo la pembe tatu haliwezi kubadilika isipokuwa ubavu wake mmoja urefuke au ufupike, lakini pembe nne hulala bila ubavu wowote kupungua wala kuzidi. Meza yetu ilikuwa na madirisha manne yasiyo na kijiti cha tano, na msumari katika kichwa cha mguu si kitu zaidi ya ule uzi. Fundi hushinda jambo hili kwa njia nyingine: chini ya ubao wa juu hupitisha mbao pana za kusimama wima, mguu hata mguu, na kila mwisho wake huuchonga ulimi, na ulimi huo huingia katika tundu la mguu ukakazana. Upana wa ule ubao ndio unaofanya kazi ya kijiti cha tano.

Msidhani, baada ya kusikia haya, ya kwamba mwenye kununua ameokoka. Kamati moja ya watu tunaowajua ilinunua meza mbili kando ya barabara kwa ajili ya mikutano yake ya nje. Ziling'aa kwa vanishi, ukitazama wajiona. Mvua ya masika ya kwanza ilipopita, palionekana chini ya kila meza unga mweupe, mwembamba kama wa muhogo, kila asubuhi. Ukifagiwa, kesho yake uko tena. Wengine walisema ni uchawi. Kumbe ni bungua. Ubao wa nje wa mti, ule mweupe ulio karibu na gome, una wanga ndani yake, na wanga huo ni chakula cha wadudu wale. Moyo wa mti, wenye rangi nzito, wao hawautaki. Muuzaji alikuwa amechanganya mbao za moyo na mbao za nje, akazipaka zote rangi moja. Fedha ya watu ilikwisha kuwa unga, na katibu wa kamati ile alisemwa maneno ambayo hakustahili yote.

Kwa hiyo anayenunua na ainame. Asiitazame meza juu, ambako muuzaji ametazama kabla yake. Apige goti na kutazama chini, mahali vanishi haikufika. Huko ataona kama ubao una madoa meupe ubavuni, na kama una vitundu mfano wa vilivyotobolewa kwa sindano. Aweke kiganja: ubao wenye baridi na uzito usio wa kawaida bado una maji. Atazame mguu ulivyoshikana na mbao za ubavu; akiona misumari tu, ajue ya kwamba ameona ile meza yetu. Achukue uzi apime kutoka pembe hata pembe, kisha pembe mbili zilizobaki. Vipimo visipolingana, meza imekwenda upande. Halafu aishike kwa mikono miwili aitikise, wala asione haya. Muuzaji akikasirika kwa kutikiswa meza yake, jibu amekwisha kulitoa.

Ziko na meza za plastiki. Hizi ni nyepesi, mchwa hawazitaki, na kwa mkutano wa siku moja zafaa sana. Lakini zikiachwa juani miaka mingi hukauka na kuvunjika ghafula. Meza ya saruji haitikisiki wala hailiwi, ila mahali ulipoiweka ndipo itakapokuwa wajukuu wako watakapozaliwa, basi fikiri kwanza kabla ya kuchanganya mchanga.

Sasa twaja kwenye rai yetu. Watu huligawanya swali hili kwa fedha, nasi twaona ligawanywe kwa wakati. Kama kuna siku iliyokwisha kuwekwa, yaani arusi, au posa, au mgeni wa serikali, na siku hiyo iko karibu, basi anayeanza asiunde. Anunue kwa uangalifu tuliousema. Na kama fedha haimtoshi kununua kilicho chema, aazime kwa jirani, wala si aibu. Meza ya kwanza ya mtu haifai kuwekewa heshima ya nyumba juu yake. Lakini kama hakuna siku inayomngoja, na moyo wake wapenda, aunde. Ila asiunde kwa tamaa ya kupunguza gharama, kwa sababu hatapunguza. Ahesabu msumeno, patasi, keekee na randa, ahesabu mbao atakazoziharibu, na Jumamosi zake zote, ndipo ataona ya kwamba meza ya kwanza huzidi bei ya meza ya fundi. Ni ya pili na ya tatu zinazorudisha fedha ile, pamoja na kila mlango na kila kiti atakachokitengeneza nyumbani bila kumwita mtu. Asiyekusudia kuunda zaidi ya kimoja maishani mwake, tusimdanganye: fundi ni rahisi kwake.

Tena asianze na meza. Aanze na benchi, au na kigoda cha miguu mitatu. Kigoda cha miguu mitatu hakichezi hata kikiwekwa mahali palipo bonde, na miguu minne huona kila kosa la mwenye kuikata. Yule fundi mzee, tulipomwomba atufundishe, hakutupa ubao hata mmoja wa maana. Alitupa vipande vya takataka, akatuambia tuchonge ndimi kumi na matundu kumi. Ndimi sita za kwanza zilicheza matunduni kama jino bovu. Ya saba iliingia nusu ikakataa. Ya kumi iliingia kwa kugongwa kidogo na kiganja, na tulipoinua kipande kimoja, cha pili kikafuata. Hatukumbuki kama tulifurahi hivyo siku tuliyopewa kazi ya ukarani.

Kwa yule atakayefika kwenye meza yenyewe, haya ndiyo mahesabu tuliyoyatumia sisi. Meza ya urefu wa futi 5, upana wa futi 2 na nusu, na kimo cha inchi 30, huwatosha watu sita kukaa. Yataka mbao sita za futi 12: tatu za inchi 1 kwa 6 kwa ajili ya juu, mbili za inchi 2 kwa 4 kwa mbao za ubavuni na vishikizo vya chini, na moja ya inchi 3 kwa 3 kwa miguu. Juu zitakwenda mbao tano, na kati yake huachwa nafasi ya robo inchi, ili maji ya mvua yapite, na ili mbao zipate mahali pa kutanukia wakati wa masika. Mtu asiziunganishe pamoja kwa kupenda uso usio na mwanya. Nje hapana uso kama huo udumuo. Upande wa ubao uliokuwa karibu na moyo wa mti na uelekee juu, ili ukijikunja kidogo utoe maji badala ya kuyakinga. Ulimi uwe kama theluthi ya unene wa ubao wake. Na kwa kupata pembe iliyo sawa, asiye na kile kipimo cha pembe ambacho mafundi huita guni apime futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili. Kati ya ncha hizo mbili pakiwa na futi 5 kamili, pembe ni sawa.

Kabla ya kupiga parafujo au msumari, toboa kwanza. Waundaji wa majahazi wa pwani yetu hawapigilii msumari pasipo kupitisha keekee, nao huunda vitu vinavyopigwa na bahari. Sisi twaunda vitu vinavyopigwa na viwiko tu, lakini mti hupasuka vilevile. Gundi nyeupe ya kawaida haistahimili mvua. Afadhali kutoboa tundu jembamba lipite katika mguu na ulimi, na kupenyeza humo kijiti cha mti mgumu, mkavu.

Jambo moja tulilisahau hata katika meza ya pili, nasi twalitaja kwa haya kidogo. Hatukuwauliza watu wa nyumbani. Tulichukua kimo cha inchi 30 kitabuni, nacho ni kimo cha mtu aketiye kula. Lakini aliye siku nzima mbele ya meza ile ni mama, naye husimama, akikata, akipepeta, akichambua mchele. Kwake yeye inchi 34 hata 36 ndizo zinazomwacha mgongo salama. Mwenye kuunda au kununua na aulize kwanza nani atakayeitumia zaidi, kisha amsimamishe, apime hata kwenye kiwiko chake, ashuke kidogo chini yake. Mwenye kununua hapati nafasi hii, ila akiagiza. Na hii ndiyo faida ya kuunda ambayo watu hawaitaji.

Kuhusu mti: mvule, mninga na mtiki, mioyo yao hustahimili nje miaka mingi. Misonobari na mikaratusi michanga hailingani nayo. Lakini mtu asichukue shoka akaenda msituni kwa kusikia maneno yetu. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 yataka kibali cha kukata miti ya namna hii, na kuisafirisha mbao kwataka hati yake. Tena mwaka 2022, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Panama, mininga na mikongo ya Afrika iliwekwa katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka huangaliwa, kwa kuwa inapungua. Mtiki uliopandwa, kama ule wa shamba la serikali la Longuza hapa wilayani kwetu, ni njia iliyo nyofu zaidi. Ila uliokatwa ungali mchanga una weupe mwingi, basi chagua ubao wenye rangi.

Ziko mbao zenye rangi ya kijani, zilizotiwa dawa kwa ajili ya paa na nguzo. Nyingi zimetiwa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Huko Marekani, mwisho wa mwaka 2003, watengenezaji waliacha kuitia dawa hiyo katika mbao nyingi za matumizi ya nyumbani. Zifae paa lenu, zisifae meza ya kulia. Na vipande vyake msivipikie, maana moshi wake na majivu yake vina sumu ileile. Kadhalika oili chafu ya magari, ambayo watu huisifia kwa kufukuza mchwa, isipakwe mahali pa chakula. Mchwa huzuiwa kwa njia ndogo zaidi: kila mguu usimame juu ya jiwe lililo bapa, na kila juma mtu mmoja atazame kama pana kijia cha udongo kinachopanda. Mchwa hawa hawapandi pasipo kijia hicho. Ukikivunja mapema, wamekwama.

Sisi wenyewe, kabla ya kushika ubao wa meza ya pili, tulimpelekea baba nusu ile tuliyoiahidi, tukiitoa katika mishahara ya miezi minne. Aliipokea bila neno, akaitia katika kasha lake. Mbao zilikaa kivulini tangu mwisho wa vuli hata karibu na kipupwe, kisha meza ikatuchukua Jumamosi kumi na moja. Siku ya kumpelekea, baba aliizunguka mara moja, akaishika pembe mbili kwa mikono yake yote miwili, akaitikisa kwa nguvu zisizo za mtu wa umri wake. Halafu akaita watu walete chai.

Meza hiyo tumeiazima kwake leo, tukaileta juu ya gari la machungwa, nayo iko pale nje chini ya mwembe wa shule. Mguu wa upande wa kusini ni mfupi kwa unene wa shilingi, mtauona mkitafuta. Uzi na futi viko juu yake kwa anayetaka kupima, na vile vipande kumi vya ndimi viko katika kikapu. Mwenye swali na aulize sasa, maana gari litaondoka saa kumi na moja, nasi tumemwahidi mwenyewe ya kwamba meza itakuwa mahali pake kabla ya magharibi.